Safina na Ndama Juu ya Mlima Mmoja

Siku tuliyohamia Amerat, mama yangu alitoka uani, akautazama mlima ulio nyuma ya nyumba, akarudi ndani na kusema, "Mlima wenu hauna hata jani moja."

Alisema kweli. Si mlima mkubwa. Ni wa rangi ya kahawia iliyoungua, mawe yake yamelaliana matabaka kwa matabaka, yote yameinamia upande mmoja, na ubavuni una ufa mrefu mweusi unaoanzia karibu na kilele na kushuka mpaka katikati. Chini kwenye wadi, bonde la mto mkavu, kuna vichaka vya miiba, na hivyo navyo mbuzi wa watu huvila mpaka vikabaki vijiti. Zamani hapakuwa na nyumba pale. Baadaye viwanja vikagawiwa, watu wakaja kujenga kutoka kila pembe, na sisi tukiwa miongoni mwao.

Kabla ya hapo tulipanga fleti Wattaya, mjini, juu ya barabara kuu. Mama, ambaye alikuja kuishi nasi baada ya baba kufariki, aliipenda sana fleti ile. Kila jioni alikaa dirishani akiangalia magari mapya yakitolewa kwenye maduka ya magari ng'ambo ya barabara, na akimwona mtu anakabidhiwa funguo alimwombea dua na kumpigia vigelegele pale pale dirishani, ingawa yule mtu hakumsikia. Kutolewa Wattaya na kuwekwa mbele ya jabali tupu ilikuwa ni dhuluma, kwa maneno yake. Mama alizaliwa Unguja, akaja Oman akiwa bibi harusi mchanga, na ingawa miaka aliyoishi huku imeshaipita kwa mbali ile ya kule, bado macho yake yanatafuta kijani kwanza, halafu ndiyo yanaona kilichopo.

Jirani yetu wa ukuta mmoja alikuja alasiri ile ile. Alikuwa mwanamke wa rika la mama, mjane kama yeye, mzaliwa wa kijiji kimoja cha mkoa wa Sharqiya, na alikuwa akikaa na wanawe waliokuwa wamejenga pale kabla yetu. Alibeba birika la kahawa mkono huu na sahani ya tende mkono ule. Hakujua neno la Kiswahili. Kiarabu cha mama, kwa upande wake, kilikuwa cha sokoni na cha kusalia, kinatosha kununua samaki na kumwomba Mungu, lakini hapo katikati kilikuwa na mashimo mengi. Basi nikakaa baina yao, nikawa mkalimani, kazi ambayo sikujua kuwa nitaifanya kwa miaka.

Walipomaliza kuulizana hali, mama akanyoosha mkono upande wa mlima. "Muulize huu mlima una nini."

Nikamuuliza. Jirani aliweka kikombe chini, akajiweka sawa, na akatusimulia kisa cha Nabii Saleh na watu wake wa Thamud, ambao walimtaka awatolee ngamia jike kutoka ndani ya mwamba. Ngamia akatoka kwa amri ya Mungu, akawa anakunywa maji siku yake na watu wanakunywa siku yao, mpaka waovu wakamkata miguu. Hayo mama aliyajua, na alikuwa akiitikia kwa kichwa kila sentensi. Yaliyofuata hakuyajua. Jirani alisema ngamia yule alikuwa na ndama. Mama yake alipouawa, ndama alikimbia, akakata jangwa usiku na mchana, akafika hapa, akapanda mlima huu huu, akalia, na mwamba ukafunguka ukamficha. Ule ufa mweusi ndipo alipopita. Na juu kabisa kuna vishimo viwili, alipopiga magoti kabla ya kuingia.

Nilitafsiri neno kwa neno. Mama alishukuru kwa adabu zote. Jirani alipoondoka, mama aliniambia, "Tende zake nzuri sana. Ndama simjui."

Haukupita muda mrefu binti yangu, aliyekuwa mdogo wakati ule, alirudi kutoka chini ya mlima na jiwe lililomshinda uzito. Alilitua miguuni pa bibi yake. Mama akavaa miwani. Ndani ya jiwe mlikuwa na makombe, moja juu ya jingine, mistari yao bado inaonekana. Mama aliyapapasa kwa kidole gumba.

"Hawa ni chaza," alisema. "Mimi nimewaokota hawa tangu sijaanza chuo cha Qur'ani. Chaza wamefika vipi huku?"

Nilimweleza tulivyofundishwa skuli, kwamba zamani sana nchi yote hii ilikuwa chini ya bahari.

"Ndiyo hayo hayo nnayokwambia," alisema, ingawa hakuwa ameniambia kitu. "Ni gharika hii."

Kufika magharibi, safina ilikuwa imeshapita Amerat. Mama alieleza kwamba maji yalipoanza kupungua, safina ya Nabii Nuhu ilipita juu ya mlima wetu, ikakwangua kichwa chake, na ndiyo maana kileleni ni tambarare. Ile pembe ya jiwe inayochomoza upande wa mashariki ndipo kamba ilipofungwa kwa usiku mmoja. Kesho yake alinitoa jikoni, akanipeleka ukutani na jiwe lake mkononi, akamgongea jirani.

"Mwambie ndama wake alikuta mlima una wenyewe," alisema. "Nuhu alitangulia. Saleh kaja nyuma. Kitabu kinasema."

Nilitafsiri kwa kupunguza makali. Jirani alilichukua jiwe, akaligeuza kila upande, akacheka kidogo. "Mwambie mama yako, nyumba si ya aliyepita. Nyumba ni ya aliyeingia na kufunga mlango."

Hapo ndipo urafiki wao ulipoanzia. Kila alasiri, jua likishazunguka nyuma ya nyumba, walitandika mkeka kwenye kivuli cha ukuta, upande wetu wiki hii na upande wao wiki ijayo, na kahawa ikaja na chai ya maziwa ikaja, na vitumbua vya mama vikaliwa na haluwa ya jirani. Walizungumza mambo mengi, wakwe, dawa za presha, bei ya mbuzi wa Idd, lakini mwisho wa mazungumzo ulikuwa mlimani. Mimi nikirudi kazini, nimechoka na ile barabara ya mlimani inayotupandisha na kutushusha kila siku sisi watu wa Amerat, naitwa kabla sijavua abaya. "Njoo, mwenzangu kasema neno hapa na mimi sikulifahamu." Na mara nyingi neno lenyewe lilikuwa ni kuhusu magoti ya ndama.

Nisieleweke vibaya. Hawakuwahi kuutukuza mlima, wala hakuna aliyechoma ubani wala kufunga kitambaa. Wote wawili walikwenda kwenye darasa la wanawake msikitini, na kuna siku mwalimu wetu, msichana mpole aliyesoma sana, aliligusia jambo lile. Nadhani lilikuwa limemfikia kutoka kwa watoto. Alisema Qur'ani imetaja kuwa safina ilitua juu ya mlima Judi, na kwamba maskani ya watu wa Saleh yako mbali kaskazini, na kwamba tusiongeze juu ya tuliyoambiwa, wala jiwe haliombwi baraka. Wale wawili walimsikiliza kwa unyenyekevu mkubwa. Nilidhani mambo yamekwisha.

Tulikuwa hatujafika nyumbani mama akasema, "Kasema kweli yule mtoto, Mungu amzidishie. Safina ilitua Judi. Mimi sijasema ilitua hapa. Nimesema ilipita."

Nikamtafsiria jirani. Naye akawaza mpaka tulipofika mlangoni kwake. "Na ndama alikimbia," alisema. "Hapana aliyetaja alikimbilia wapi."

Jambo moja tu lilimtikisa mama. Siku za baridi, upepo wa kaskazini ukivuma kwa nguvu, ule ufa hutoa sauti, nzito, ya chini, inapanda na kushuka. Mara ya kwanza kuisikia, mama alikuwa anakuna nazi uani. Aliuacha mkono palepale juu ya mbuzi ya kukunia. Jirani alikuwa anaanika nguo upande wa pili, na kwa juu ya ukuta tuliona macho yake tu na ukingo wa shela.

"Unamsikia?" aliuliza.

Mama alisikiliza mpaka upepo ukapungua. Aliniambia, "Mwambie nimesikia." Kisha akaendelea kukuna nazi yake, na siku ile hakuitaja safina hata mara moja.

Miaka ikaenda hivyo. Watoto wa mtaa wetu waliozaliwa pale walikua na visa vyote viwili, na kwa kuwa watoto hawana subira ya kutenganisha mambo, wengi wao waliviunganisha. Binti yangu alinisimulia siku moja, bila kusita, kwamba ndama aliteremka kutoka kwenye safina akiwa na kiu. Nilimwambia asimwambie bibi yake.

Halafu ikaja Ijumaa moja ya majira ya baridi. Tulikuwa tumepanga kwenda ufukweni, familia zote mbili, lakini gari kubwa la mume wangu lilikuwa gereji kule Ghala, limefunguliwa giaboksi, na fundi alikuwa amesema litatoka wiki ijayo. Vyakula vilikuwa vimeshapikwa. Isitoshe jirani alikuwa na mgeni, kaka yake mkubwa, aliyekuja kutoka kijijini na pikapu yake kuwaona wapwa. Alikuwa mzee mrefu, mkavu, ndevu nyeupe, mchache wa maneno, na alitembea na bakora ya mti wa mkunazi ingawa sikuona kwamba anaihitaji.

Sote tulikuwa uani tunaulizana twende wapi. Mama akatokea mlangoni, amevaa raba zangu za kutembelea na kanga kiunoni juu ya gauni.

"Leo tunapanda mlima," alisema.

"Na magoti?" nilimuuliza.

"Magoti yatanifuata."

Jirani alipofahamishwa aliingia ndani, na alipotoka alikuwa ameshika birika la kahawa.

Kwa nyuma mlima una njia ya mbuzi inayopanda pole pole. Tuliianza asubuhi mapema ili wanaume wawahi kurudi kwa sala ya Ijumaa. Mume wangu alibeba mkeka na chupa ya chai, mimi nilibeba vyakula, na binti yangu, aliyekuwa keshakuwa msichana wa kutosha kuona haya kwa ajili yetu, alitangulia mbele kana kwamba hatujui. Jirani alipanda kwa kandambili. Nilimwangalia nikastaajabu. Mwanamke yule, ambaye kutoka sebuleni mpaka uani alikuwa akishika ukuta, alikuwa anaruka kutoka jiwe hadi jiwe bila hata kutazama anapokanyaga.

Mama alipumzika kila jiwe lililofaa kukaliwa, na kila alipokaa alipata la kusema. Hapa maji yalifika. Hapa ndipo njiwa alipotua mara ya kwanza, akaona bado pabichi, akarudi. Kaka wa jirani alimsikiliza kupitia kwangu, akawa anaitikia kwa kichwa taratibu, mtu anayeheshimu wenyeji wake.

Kabla ya kufika mwamba wa mwisho, pumzi zikamkatikia mama. Alikaa, akajipepea kwa ncha ya kanga, akatuambia twende, yeye atatungoja. Uso wake ulikuwa mwekundu na mimi nikaanza kuogopa. Jirani, aliyekuwa keshafika juu, aliteremka tena, akasimama mbele yake na kumnyooshea mkono.

"Mwambie Mzinjibari," aliniambia, "akibaki hapa, nitawaambia watu wote wa mtaa kwamba safina ilikwama."

Mama alicheka mpaka akakohoa. Kisha akaushika ule mkono, akainuka, na wakapanda kile kipande cha mwisho wameshikana, huyu akivuta na yule akisukumwa na mimi kwa nyuma.

Juu ni uwanja mdogo wa mawe, upepo baridi, na Amerat yote chini, nyumba nyeupe zimetawanyika mpaka kwenye milima mingine, na barabara yetu ya kwenda mjini inapinda na kupotea. Mama alisimama akiangalia kila upande.

"Bahari haionekani," alisema.

"Haionekani, mama. Kuna milima mbele."

"Hmm."

Tulitandika mkeka. Kaka wa jirani alimiminiwa kahawa. Lakini jirani mwenyewe hakukaa. Alizunguka huku na huku ameinama, anaangalia chini, anasogeza vijiwe kwa mguu. Vishimo vilikuwepo, vingi, vya kila ukubwa, vimejaa vinyesi vya mbuzi. Vya magoti mawili, vilivyokaa sambamba kama alivyotusimulia miaka yote, sikuviona.

"Unatafuta nini?" kaka yake alimuuliza.

"Alama za magoti."

"Magoti ya nani?"

"Ya ndama," alisema bila kuinua kichwa.

Mzee aliweka kikombe chini. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona anacheka. "Ndama yupi? Ndama yuko nyumbani, dada yangu. Mlima wa ndama ni ule wa nyuma ya kisima cha baba. Si wewe mwenyewe uliyekuwa ukichunga mbuzi pale, ukinywa maji ya mvua kwenye vile vishimo? Umesahau?"

Jirani alisimama palepale, mkono ameushika kiunoni. Nilimwangalia mume wangu, naye akawa anaangalia chupa ya chai. Sijui kwa nini niliona haya, maana sikuwa nimefanya kitu. Nilichokiogopa ni mama. Miaka yote alikuwa akisubiri ushindi, na ushindi wenyewe umeletewa mpaka kwenye mkeka.

"Kasemaje?" mama aliuliza.

Nilifikiria kumwambia kwamba mzee anasifu kahawa.

"Usihangaike," alisema mama. "Nimefahamu."

Akamgeukia yule mzee, na hakunitaka mimi nitafsiri. Alisema kwa Kiarabu chake mwenyewe, kile chenye mashimo, akikichagua neno kwa neno.

"Ndama ana miguu mingapi?"

"Minne," alisema mzee.

"Huko kwenu mlimfunga kamba?"

"La, hatukumfunga."

"Basi kimemzuia nini kufika Amerat? Mimi nina miwili, na nimetoka Unguja."

Mzee akaitikia kwa kichwa, akasema, "Umesema kweli, bibi," na akanyoosha kikombe aongezwe kahawa. Jirani alikuwa amejiziba mdomo kwa shela. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka, mabega yanamtikisika, na mwishowe ikabidi akae chini palepale kwenye mavi ya mbuzi, na mama naye akaanza, na wakawa wanacheka wawili wale bila kuangaliana, kwa kuwa kila wakiangaliana kicheko kilianza upya.

Alipotulia, jirani alikuja kukaa mkekani. Alizungumza nami, lakini alikuwa anamwangalia mama.

"Nilipohamishiwa huku na marehemu, wanangu walikuwa wadogo," alisema. "Tulikaa nyumba ya kupanga kule chini ya milima. Walilia. Usiku walitaka kurudi kwa bibi yao, walitaka mbuzi, walitaka kuoga kwenye mfereji wa falaji. Niliona mlima dirishani, nikawaambia, lalani, ndama katufuata. Tulipohamia nyumba nyingine nikasema katufuata tena. Tulipojenga hapa ikatokea mlima wenyewe una ufa." Alikunja mikono. "Nikayasema mara nyingi hivi mpaka mwenyewe nikawa nayajua magoti yalipo."

Nilimtafsiria mama, ingawa nilihisi alikuwa keshayapata yote. Alichukua kitumbua, akakipasua katikati, akampa nusu.

Mimi niliwaza habari za watoto wangu, ambao hawajui nchi nyingine ila hii, na ambao hawakuhitaji kufuatwa na mnyama yeyote. Niliwaza pia usiku wetu wa kwanza Amerat, mama akilalamika kwamba hakuna sauti ya magari. Sikuwahi kumwona mama yangu kuwa ni mtu aliyehamishwa mara nyingi. Kwangu alikuwa ni mtu wa kulalamika tu.

Baadaye yeye mwenyewe alikigundua kile alichokipandia. Upande wa mashariki, karibu na ile pembe ya jiwe, mwamba mzima ulikuwa chaza, wamejaa wamebanana, wengine wakubwa kama kiganja. Mama alikaa chini na kuupapasa. Uso wake ulikuwa umekunjuka, na akaanza kutusimulia habari za pwani ya mashariki ya Unguja, kwa bibi yake mzaa mama, maji yakitoka mnatembea mpaka kwenye mwamba, mnaokota chaza na kome mnatia kikapuni, na katikati ya maji palikuwa na jiwe moja refu lililosimama peke yake. Wazee wakisema ndipo Nabii Nuhu alipofunga kamba ya safina.

Nilingoja amalize.

"Mama," nilisema. "Kumbe na wewe ulikuja nacho kisa chako."

Aliniangalia kwa mshangao wa kweli. "Nani kasema? Chaza hawa nimewaleta mimi?"

Kuteremka kulikuwa ni shida kuliko kupanda. Kuna sehemu mama aliteremka kwa kukaa, akijisukuma jiwe kwa jiwe, huku akituamrisha tusimwangalie. Wanaume walitutangulia kwa ajili ya Ijumaa, na yule mzee, kwa mwendo wake, hakuigusisha chini ile bakora hata mara mbili. Tulifika nyumbani tumejaa vumbi hadi kope. Kesho yake magoti ya mama yalivimba, akalala siku kadhaa na jirani akija asubuhi na jioni kumkanda kwa mafuta ya simsim, akimsuta kwa Kiarabu na mama akimjibu kwa Kiswahili, na mimi nikagundua kwamba hakuna aliyeniita.

Kwani tangu siku ile kazi yangu ya ukalimani ilipungua. Sidhani kama walijifunza kitu kipya. Nadhani waliacha kujali yale mashimo. Jirani alikuwa na maneno yake ya Kiswahili, aliyoyaokota mkekani, na mama alikuwa na yake ya Kiarabu, na yaliyopungua walijaza kwa mikono.

Mwaka uliofuata, baridi iliporudi, mama alianza kunikera: twende tukauone mlima wa kina jirani. Alitaka kumwona ndama kwao. Tulikwenda Ijumaa nyingine, gari likiwa zima safari hii, wazee wawili nyuma na kapu la machungwa katikati yao. Tuliiacha milima, tukapita tambarare ndefu ya changarawe, tukafika kijiji chenye mitende na falaji na kisima kilichofukiwa, na nyuma ya kisima palikuwa na mlima.

Ulikuwa mdogo kuliko wetu. Ufa ulikuwepo, na ulikuwa mzuri, umepinda kama mtu aliyechungulia. Kilele chake kiko chini kiasi kwamba mama alipanda bila kupumzika. Na vile vishimo vilikuwepo, viwili, sambamba, vina maji kidogo ya mvua ya juzi. Jirani alichutama akachovya vidole, akakaa hivyo kwa muda, mwanamke wa makamo ya bibi, ghafla amekuwa mtoto mwenye mbuzi.

Mama alisema "Subhanallah," na alisema kwa moyo wake wote. Kisha akaanza kuzunguka ameinama, anachunguza mawe. Alipomaliza aliniambia pembeni, sauti ya chini, "Hapana chaza hapa. Hata mmoja."

"Anasemaje?" jirani akauliza.

"Anasema mlima wenu mzuri," nilimwambia.

"Chaza nnafahamu," alisema jirani, kwa Kiswahili, na akaendelea kunawa.

Tulikula mchana nyumbani kwa kaka yake, wali na mbuzi katika sinia kubwa. Wanawake wa kijiji walijaa chumbani kuja kumwona mgeni, na miongoni mwao akaletwa bibi mmoja mkongwe sana, ameshikwa mikono huku na huku. Waliponong'ona masikioni mwake kwamba huyu anatoka Zanzibar, alimkalia mama karibu kabisa, goti kwa goti, akasema, "Karafuu. Nazi. Njoo hapa. Usilie." Hayo tu ndiyo aliyoyajua. Baba yake alikwenda Unguja kijana, akarudi mzee, na ndiyo maneno aliyokuwa akimwambia bintiye huyu alipokuwa mdogo.

Mama aliushika mkono wa yule bibi na hakuuacha. Alimjibu kwa Kiswahili, kirefu, cha haraka, akimwuliza baba yake alikaa wapi, mjini au shamba, kwa kina nani, alilima nini, na bibi hakuelewa hata neno moja ila alikuwa anacheka na kuitikia kwa kila swali, "Naam, naam. Nazi." Alasiri ikaadhiniwa na bado wapo. Mume wangu alishawasha gari mara mbili akalizima. Mwishowe wakaachana, baada ya mama kuahidi kwamba Idd anakuja kulala, na bila ya kumwuliza yeyote kati yetu kama ataletwa.